Picha ya Moyo wa Seline

Asubuhi ile ya mwaka wa tisini na mbili, omena, dagaa wadogo wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa ufukweni Dunga, na Rosa alikuwa akiwamiminia wateja wake kahawa. Joram mvuvi, waliyemwita Karabai kwa ile taa yake ya kuvulia usiku, alikaa kwenye benchi, akasimama, akakaa tena. Mkewe Seline alikuwa akitibiwa saratani ya titi. Uvimbe ulikuwa unanywea. Ghafla daktari akasimamisha ile dawa nyekundu ya mshipani, mpaka Seline apigwe picha ya moyo Nairobi. Basi lilikuwa la mchana. Joram alitaka mtu mmoja tu amwambie si lazima.

— Ugonjwa uko kwa kifua, picha ya moyo ni ya nini? — aliuliza Joram.

— Na moyo uko wapi, bwana? Kwa goti? — alicheka Wasike, fundi wa injini za mashua.

— Ni mashine mpya hiyo — alisema Dalmas, aliyejipa jina la Profesa. — Imeletwa juzi, sasa wanatafuta watu wa kuijaribia.

— Kweli?

— Hata picha hazibaki Kenya! Zinapelekwa Ulaya, walinganishe moyo wa mla omena na moyo wa mla nyama. Wakishajua siri yetu, omena yote itaenda huko. Sisi tutabaki tukinusa nyavu.

Joram alitaka kucheka, kicheko kikagoma.

— Mimi nasema hivi — aliingilia Wasike. — Injini ikilia vizuri, usiifungue.

— Ya Oduor si ulisema inalia vizuri? — Rosa alimrukia. — Ikazima katikati ya ziwa!

— Ilikuwa inalia vizuri!

— Ndiyo. Mpaka ilipozima.

— Lakini Seline hakohoi — alisema Joram haraka. — Halalamiki. Jana tu amebeba beseni la omena. Huo si moyo mzima?

— Mzima kabisa! — waliitikia Wasike na Dalmas.

Hapo akatokea Lornah, mdogo wake Seline, aliyekuja kutoka Katito kumsindikiza dada yake. Hakuketi.

— Shemeji, tunakungoja.

— Bado tunajadiliana.

— Na hawa? Daktari alisema dawa inayoua uvimbe inaweza kuuchosha moyo polepole, na mwanzoni mwenyewe asihisi kitu. Anataka kuona mapema, ajue kama aendelee ama abadilishe.

— Seline ni mzima, mama! — alisema Dalmas.

Lornah hakumtazama. Alimkazia macho Joram.

— Usiku dada analala chali, ama anaketi ndiyo apumue?

Usiku wote Joram huwa ziwani. Akirudi, kitanda alikikuta kimetandikwa. Alimgeukia Wasike, akamgeukia Dalmas. Kila mmoja alichungulia kikombe chake.

— Muulize mwenyewe — alisema Joram.

— Nimemuuliza. Sasa nakuuliza wewe.

Joram aliacha kahawa ikifuka, akashika njia ya nyumbani bila kuaga, nusu akitembea, nusu akikimbia.