Mtu wa Spika ya Kushoto

“Zima hiyo redio, mtoto anakuja.”

“Ngoja wimbo uishe, mtoto hana haraka.”

“Nimesema zima, la sivyo njoo uzae wewe.”

Hivyo ndivyo marehemu alivyopokelewa duniani, tarehe 14 Machi 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mama yake akiwa kitandani na baba yake akiwa ameikumbatia redio ya mbao kana kwamba ndiyo iliyoshikwa na uchungu, na aliyeusikia ugomvi huo ni dada yake, wakati huo msichana wa miaka saba, ambaye alitumwa kumwita mkunga, akarudi na kukuta mtoto ameshafika na wimbo bado unaendelea. Dada huyo ndiye shangazi mliyemkuta hapa mlangoni akiwapokea, na hadithi hiyo ameisimulia katika kila sherehe ya familia, watu wakacheka, na marehemu akacheka kuliko wote.

Ndugu waombolezaji, familia imemtaka binti wa mwisho wa marehemu aandike historia hii na kuisoma, kwa kuwa ndiye aliyekaa naye karibu zaidi katika miaka yake mitatu ya mwisho, na kwa nini alikaa naye karibu hivyo, historia yenyewe itaeleza.

Marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1973, katika shule iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akamaliza la saba mwaka 1979, na hakuendelea, si kwa kushindwa mitihani, bali kwa sababu baba yake aliitazama mikono yake, akasema imekaa kama ya kushika nyaya, akampeleka kwa fundi redio wa mtaa wa pili akajifunze kazi. Jambo hilo lilimuuma hadi mwisho, na hata akiwa mtu mzima mwenye mvi alikuwa akipita mbele ya shule ya sekondari anapunguza mwendo, anatazama sare za wanafunzi, kisha anasema kwamba yeye alikatwa miguu kabla hajaanza kutembea.

Tarehe 20 Agosti 1983, akiwa na miaka kumi na saba, alihudhuria onyesho lake la kwanza la muziki, alasiri, katika ukumbi wa kiwanda cha nguo, na hakuwa na tiketi, ila alibeba koili ya waya begani akamwambia bawabu kwamba yeye ni mtu wa umeme, akapitishwa. Uongo huo uligeuka kuwa kweli, kwa sababu katikati ya wimbo wa tatu spika ya kushoto ilinyamaza, mpiga gitaa la solo, ambaye watu wote walimwita Kidole, akawa anacharaza bila kusikika, na kijana wetu akapanda jukwaani, akamenya waya kwa meno, akaunganisha, na gitaa likarudi kwa kishindo hata watu wa mbele wakaruka nyuma. Kidole alimtazama akatikisa kichwa mara moja, kumkubali. Kwa mtikisiko huo wa kichwa marehemu alitoa miaka arobaini, maana tangu siku hiyo bendi hiyo ikipiga popote alipoweza kufika, kwa lori, kwa treni au kwa baiskeli ya kuazima, alifika, na alisimama mahali pale pale, hatua moja kutoka spika ya kushoto, akisema huko nyuma kwingine mnasikia mwangwi tu, gitaa lenyewe liko huku. Ndipo alipopewa jina la Spika, na wengi wenu mliokaa hapa hamumjui kwa jina jingine.

Mwaka 1988 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja chenye meza ndefu, taa ya kuinama na harufu ya risasi ya kuchomea, na mikono ile ambayo baba yake aliisifu haikumwangusha, kwa sababu redio iliyoshindikana kwingine ililetwa kwake ikiwa kwenye kikapu kama kuku mgonjwa, ikaondoka ikiongea.

Tarehe 5 Mei 1990, katika uwanja wa mpira, mvua ilinyesha wakati bendi inapiga, watu wakakimbilia chini ya paa, na binti mmoja mshonaji aliyekuja na dada yake akabaki anatetemeka, marehemu akavua koti akamvika, akasimama analowa hadi wimbo wa mwisho. Binti huyo alirudi nyumbani akiamini kwamba amempata mwanamume anayeweza kulowa kwa ajili yake, na ilimchukua miaka kadhaa ya ndoa kugundua kwamba mwanamume yule angelowa hata hivyo, kwa sababu kule chini ya paa spika ya kushoto ilikuwa haisikiki vizuri. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1991. Onyesho lile la mvua lilikuwa la kwanza na la mwisho kwa mke wake, maana baada ya ndoa marehemu alikwenda peke yake, akidai kwamba mtu hawezi kusikiliza gitaa huku anaulizwa tutaondoka saa ngapi.

Walijaliwa watoto watatu. Kaka mkubwa, ambaye sasa ni dereva wa lori, alizaliwa tarehe 2 Julai 1993, baba akiwa kwenye onyesho katika mji mwingine, na aliporudi siku iliyofuata alileta zawadi ya kamba ya gitaa iliyokatika, ya Kidole mwenyewe, akataka kuitundika juu ya kitanda cha mtoto, mama akaitupa dirishani. Dada wa pili, msusi, alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1997, baba akiwa kwenye onyesho. Binti wa mwisho alizaliwa tarehe 11 Februari 2007, baba akiwa hapo hapo nje ya mlango wa wodi, na kwa miaka mingi mtoto huyo alijivuna mbele ya wenzake kwamba yeye ndiye aliyesubiriwa, mpaka siku moja kaka yake alipochoka na majivuno hayo akamweleza kwamba siku ile basi la bendi liliharibika njiani, onyesho likaahirishwa.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kusema kwamba alikwenda akafaidi peke yake, kwa sababu kila baada ya onyesho aliwakalisha watoto sebuleni akawasimulia, na hakusimulia kwa maneno tu, alipiga gitaa kwa pua, ngoma kwa mapaja, tarumbeta kwa mdomo uliofumbwa, akaonyesha jinsi mwimbaji alivyofuta jasho, jinsi Kidole alivyopiga akiwa amewapa watu mgongo siku alipokasirishwa na mapromota, na jinsi mama mmoja mnene alivyocheza hadi kisigino cha kiatu kikabaki ukumbini. Watoto walikuwa wakiomba wimbo mmoja zaidi, naye akaupiga. Mke wake alikuwa jikoni, akisikia vicheko kupitia ukuta, na sahani anazoosha zikigongana kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Mnamo mwaka 2009, baada ya onyesho katika ukumbi wenye dari fupi, filimbi nyembamba iliingia katika sikio lake la kushoto, lile lililokuwa likielekea spika, ikakataa kutoka, na baada ya miaka michache ikahamia na la pili. Hakumwambia mtu. Alijifunza kutazama midomo, alijifunza kukaa akielekea mlango, alijifunza kucheka wenzake wanapocheka, na mke wake alipomwita akiwa amempa mgongo, hakugeuka. Hapo ndipo nyumba ilipoharibika. Mama wa watoto hawa alimwita mume wake kutoka jikoni, kutoka uani, kutoka upande wa pili wa kitanda, na hakuitikiwa, akamwambia shangazi kwamba amedharauliwa, shangazi akamwambia ndugu yake ana kichwa kigumu tangu utotoni, mvumilie, na miaka ikaenda hivyo, mmoja akiita na mwingine haitiki, hadi aliyekuwa akiita akaacha kuita.

Mwaka 2019 daktari wa masikio alimwambia wazi kwamba kifaa cha kuvaa sikioni kingemsaidia, naye akakataa, akisema fundi redio akivaa kitu hicho ni sawa na kujiandikia mlangoni kwamba duka limefungwa.

Aliyeligundua jambo hili ni binti wa mwisho, Juni 2021, akiwa kidato cha pili, alipopita karakana akitoka shule, akamkuta baba yake akimkabidhi mteja redio inayokoroma tupu, huku akitabasamu na kumwambia sasa imepona, na mteja akamtazama kama mtu anayechezewa. Binti aliichukua ile redio, akatafuta stesheni mpaka ikaongea, akamwonyesha baba yake kwa kidole mahali mshale ulipokaa, na baba yake akamtazama usoni kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata binti hakurudi shule. Nyumbani ilisemwa kwamba anajifunza kazi, na mama yake alipopinga, alipinga mbele ya mgongo wa baba.

Kazi yake ilikuwa kusikia. Alikaa upande wa pili wa meza, kiganja kikiwa wazi juu ya mbao, na redio ikiongea vizuri aligonga mara moja, ikikoroma aligonga mara mbili, na baba alihisi kugonga huko kwenye ncha za vidole vyake. Mteja akisema neno, binti alilirudia akimwelekea baba, taratibu, midomo ikionekana, na kwa hiyo wateja wakamwita Kasuku, na mtaani watu wakasema huyu mtoto ameacha shule kwa kuwa kichwa chake hakishiki kitu, si unaona anarudia maneno ya wenzake, na wengine wakasema mengine mabaya zaidi, yanayosemwa juu ya msichana yeyote anayeonekana mchana bila sare. Baadhi yenu mliosema mko hapa. Binti aliyasikia yote, kwa sababu kusikia ndiyo ilikuwa kazi yake, na hayo hakumfikishia baba. Aliwahi kumwambia mara moja tu kwamba angependa kurudi shule, naye marehemu, aliyekatwa miguu kabla hajaanza kutembea, aliisoma midomo yake vizuri, akainama kwenye kazi akasema, “Mwanangu, usimwambie mtu.”

Kidole alifariki Septemba 2023, na tarehe 28 Oktoba bendi ikafanya onyesho la kumkumbuka. Kwa mara ya kwanza marehemu alimchukua mtoto wake kwenda naye, ili amwambie ni wimbo gani unapigwa, lakini walipofika alipaona pamejaa watu wanaomjua, akaona aibu ya kushikwa mkono kama kipofu, akamwamuru akakae viti vya nyuma, yeye akaenda kusimama mahali pake. Wanamuziki walipanda jukwaani. Mwimbaji alisema maneno machache akiwa ameinamisha uso, kisha ukumbi mzima ukasimama kimya kwa dakika moja, kwa heshima ya Kidole, na marehemu, alipoona wanamuziki wamesimama vile vile walivyosimama siku zote kabla ya ule wimbo wa polepole unaoanza kwa sauti ya umati, akainua mikono, akapiga makofi, akaimba. Aliimba kwa nguvu zote, kama anavyoimba mtu asiyejisikia. Watu walimzomea, wakamwita mlevi, mwanamume mmoja akamsukuma, na yeye akatabasamu akidhani wanashangilia, mpaka alipowatazama midomo. Huyo ndiye mtu aliyeipenda bendi ile kuliko yeyote ukumbini. Hakusimulia tena onyesho lolote.

Aliugua figo kuanzia Januari 2024, akalazwa tarehe 3 Aprili, akiwa amelazwa ubavu kwa sababu ya mirija, uso ukielekea ukuta. Tarehe 16 Aprili, mke wake, aliyekuwa akimuuguza peke yake siku hiyo, alivuta kiti karibu na mgongo wake, akamwambia yote, tangu koti la mvua hadi siku aliyoacha kumwita, akamwomba msamaha kwa maneno makali aliyowahi kumtupia, akamuuliza kama katika miaka yao thelathini na miwili ya ndoa aliwahi kumpenda hata nusu ya alivyoipenda ile bendi. Marehemu hakujibu wala hakugeuka. Alifariki tarehe 17 Aprili 2024, alfajiri.

Mama alirudi nyumbani akakaa kwenye mkeka, hakulia, akasema tu kwamba mume wake amekufa na kinyongo, hata neno moja amemnyima. Alilisema mara nyingi. Ndipo binti alipomweleza, kwamba hakunyimwa neno, hakusikika, na kwamba ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, na kwamba waliojua walikuwa wawili na daktari. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu, kama jikoni pia alikuwa hasikii, akaambiwa ndiyo, akajifunika uso kwa khanga, na tangu hapo hajasema kama amefarijika au ameumizwa zaidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo, na wateja wenye redio zilizobaki mezani, ambazo mtazipata, ila nyingine bado zinakoroma. Bendi ilipewa taarifa, na haikutuma mtu. Pumzika, baba, mahali ambapo hakuna atakayekutaka ujifanye unasikia.

Na hili halimo katika maandishi: shangazi alitaka sehemu ya masikio iondolewe, akisema kwamba watu watamcheka ndugu yake kaburini, kwamba fundi redio kiziwi ni kichekesho cha kudumu, na asubuhi ya leo alisimama mlangoni ameshika karatasi hizi, hataki kuziachia. Mama aliinuka kwenye mkeka, akazichukua mkononi mwake bila kugombana, akamkabidhi binti, akamsogeza shangazi kidogo kwa bega ili binti apite, akamwambia binti, “Soma kwa sauti, mwanangu. Baba yako alikuwa hasikii.”