Jina la Mtoto Tuliyemwacha Ng'ambo ya Mto

Mwaka 1984, katikati ya kiangazi, nilikuwa na umri wa miaka tisa nilipovuka mpaka kutoka Angola kuingia nchi hii ya Kongo. Ndugu zangu wajane, mnanijua kuwa mtu mkali wa tarehe. Leo nitawaeleza sababu. Sikusimama kuomba huruma.

Vita vilinitenga na wazazi wangu, nami sikuwaona tena. Njiani niliambatana na mwanamke wa kijiji jirani aliyekuwa na binti mmoja, rika langu. Binti yule alishikwa na homa, akafa kabla hatujafika mpakani. Mama yake nami tulimzika kwa mikono kando ya mto, bila kilio, kwa kuwa askari walikuwa karibu. Kesho yake tuliuvuka mto na mpaka.

Upande huu, wakimbizi walikuwa wakiandikwa. Watoto wasio na wazazi walitengwa, wakapelekwa tusikokujua.

"Huyu mutoto ni wa nani?" karani aliuliza.

"Ni wangu," yule mwanamke akajibu.

"Karatasi?"

Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kadi ya ubatizo ya binti yake. Karani akanakili jina na tarehe ya kuzaliwa. Tangu saa ile niliitwa kwa jina la mtoto tuliyemzika jana yake.

Ndugu zangu, nawaambia, uongo ule uliniokoa. Lakini yule mama hakuweza kumlilia mwanawe. Utamliliaje mtoto ambaye kila mtu anamwona ameketi kando yako, anakula? Kambini alinifundisha kuitika. Nilipochelewa, alinifinya. Nami nikaanza kumwita Mama.

Baada ya miaka minne tulipanda gari-moshi hadi mji wa Likasi, tukapata chumba mtaani Shituru, naye akauza samaki wakavu. Mwaka 1995 niliolewa na mchomeleaji vyuma wa mtaa wa Panda, mtu mpole. Aliliita jina lile kwa upendo, na kila alipoliita nilimkumbuka aliyelala mtoni. Sikumwambia. Kila mwaka niliahidi kumwambia mwaka ujao. Alifariki tarehe 3 Machi 2019. Jirani aliponisomea cheti cha kifo, nilisikia ameandikwa mume wa mtoto aliyekufa mwaka 1984. Hilo siwezi kulirekebisha tena.

Oktoba ya mwaka huohuo, nikiwa na miaka arobaini na minne, niliingia darasa la watu wazima. Tulipokwisha kujua herufi, mwalimu alisema, "Kila muntu aandike jina yake." Ukurasa wangu ukabaki mweupe.

"Minye nimeandika yangu na ya mbuzi yangu," mwenzangu wa dawati akanitania. "Weye unangojea nini, mama?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, kisha nikalia. Wengine walipotoka, mwalimu akawa mtu wa kwanza kuusikia ukweli baada ya miaka thelathini na mitano. Akanieleza kwamba mahakama inaweza kunirudishia jina langu, lakini lazima Mama ashuhudie kwamba binti yake alikufa.

Nilimkuta akichambua maharagwe.

"Mama, nataka jina yangu."

Akaokota jiwe dogo, akalitupa. "Nikikuita, ni yeye anaitika. Unataka nimuzike mara ya pili?"

"Mara ya kwanza hatukumulilia, Mama."

Akaendelea kuchambua maharagwe. Kwa miaka miwili hakutaka kulisikia tena neno hilo, nami sikumlazimisha. Kisha asubuhi moja ya Desemba 2021, mvua ikinyesha, alisimama mlangoni kwangu na ile kadi katika fundo la kitenge. "Twende," akasema.

Namshukuru mwalimu yule. Nawashukuru ninyi wawili mlioketi mstari wa nyuma, mlioacha biashara zenu mkaja kunishuhudia mahakamani, mnajijua. Namshukuru Mama, ambaye alinizaa kwa neno moja mbele ya karani wa mpakani. Na fundisho langu ni hili: mwambieni ukweli mnayempenda angali anasikia. Mimi nilichelewa kwa mmoja, nusura nichelewe kwa wawili.

Alhamisi, tarehe 14 Julai 2022, tuliketi mahakamani. Karani alisimama, akasoma jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu tangu nikiwa na miaka tisa. Hakuna aliyeitika. Hata mimi nilikuwa nikisikiliza nani ataitika.

"Huyu muntu iko hapa?" akauliza.

"Minye hapa," nikasema.

Kisha akasoma jina la pili, lile nililoitwa miaka yote, na baada yake: amefariki, mwaka 1984. Mama akajifunika kitenge kichwani, akaanza kulia kwa sauti, akimwita mwanawe kama anavyoitwa maiti siku ya kwanza ya msiba. Askari wa mlangoni alitaka kumnyamazisha. Hakimu akainua mkono, akamzuia, akaweka kalamu mezani, nasi sote tukangoja amalize.