Bi Keshokutwa Akabidhi Funguo za Chumba cha Vimelea

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, fundi mkuu wa maabara yetu anastaafu tarehe 30 Juni. Sisi tunamwita Bi Keshokutwa, na si kwa sababu ni mvivu.

Alianza kazi akiwa mwosha vyombo. Wakati ule wataalamu walikuwa wakihangaika na plastidi, kijifuko kilichomo ndani ya kila kimelea cha malaria. Ni masalio ya mwani uliomezwa na mababu wa kimelea hicho zama za kale. Kimepoteza rangi na hakitumii tena mwanga wa jua, lakini bado kinatengeneza kitu ambacho kimelea hakiwezi kuishi bila hicho. Bi Keshokutwa huwaeleza wageni vizuri kuliko sisi wenye shahada: ni nyumba iliyokatiwa umeme zamani, ila jikoni bado wanapika.

Wataalamu wakatia dawa ya kuzima jiko hilo kwenye sahani za kuoteshea vimelea, wakatazama baada ya siku mbili, wakakuta vimelea vimenona. Wakaandika kwamba dawa haifai, wakapeleka sahani zikaoshwe. Sinki lilikuwa limejaa, naye akazirudisha sahani tatu kwenye kabati la joto. Siku ya nne, alipotaka kuziosha, aliona rangi ya majimaji si ile aliyoizoea, akamwomba mkuu wa chumba achungulie kwanza. Vimelea wazazi walikuwa wameokoka licha ya dawa yote ile. Watoto wao, waliozaliwa bila jiko, ndio waliokufa. Mwezi uliofuata aliondolewa kwenye sinki na kufundishwa hadubini, na tangu siku hiyo, isipokuwa mara moja, hakuna sahani iliyotupwa humu kabla hajasema itazamwe tena keshokutwa.

Mwandishi wa wasifu huu anakiri kosa lake. Mwezi wangu wa kwanza, nikiwa na shahada mbichi na haraka nyingi, nilihesabu vimelea siku ya pili, nikaona dawa haifai, nikazimwagia jiki sahani kumi na moja. Hakunigombeza. Alitoa sahani ya kumi na mbili aliyokuwa ameificha rafu ya chini, akanikalisha kwenye hadubini siku ya nne, akasema tu, "Wewe umesoma, mwanangu. Mimi nimengoja." Bado naona aibu nikipita karibu na rafu ile.

Miaka kumi na mmoja iliyopita alikabidhiwa vimelea visivyo na plastidi kabisa, ambavyo huishi kwa kulishwa kwa mkono kile kitu kilichokuwa kikipikwa jikoni mwao. Ukisahau kuvilisha, vimekwisha. Hakumwamini mtu. Jumapili alikuja, sikukuu alikuja, na mara moja alikuja na homa tukamfukuza.

Gharama ya uaminifu huo tuliisikia sote, maana simu ya maabara iko ukumbini na sauti yake ni kubwa. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, anaishi mwendo wa siku mbili kwa basi. Alimtengea chumba chenye dirisha la bustanini. Kila likizo dada aliuliza anakuja lini, na kila likizo alijibiwa, "Keshokutwa, dada." Mwaka jana dada aliacha kuuliza. Siku hiyo Bi Keshokutwa aliweka simu chini, akatuambia kwamba anayeuliza bado anangoja, lakini aliyeacha kuuliza... kisha akarudi kwenye kabati lake bila kumaliza sentensi.

Wiki tatu hizi amenifanya nivilishe mimi, yeye akiwa ameketi kwenye kigoda, mikono ameikalia ili isije ikanisaidia. Vimelea vi hai. Juzi alinipa funguo, akaenda ukumbini, akampigia dada yake simu na kusema anafika Jumapili jioni. Halafu dada akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri, hivyo akifika mlangoni aanze kwa kuongea, atamjua kwa sauti.

Tutamkosa, na hatuoni haya kulisema. Tutakosa kikohozi chake cha saa moja asubuhi na maandishi yake ya penseli kwenye vifuniko. Kuna asubuhi ambazo nitageuka kumuuliza jambo na kukuta kigoda kitupu.

Ahsante, mama, kwa kila sahani uliyotukataza kutupa. Maisha mema yakupokee huko uendako. Hapa kazi ya kutazama tena keshokutwa tumeichukua sisi. Wewe panda basi la Jumamosi, na ukifika mlangoni, ongea.