Skampi ya Mgeni wa Kesho

Benchi la Ihanja ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, mbele ya kibanda cha fundi pikipiki, na birika la kahawa ya tangawizi halitoki pale tangu asubuhi mpaka jua lipoe. Wenye benchi ni watatu: Mzee Antipasi, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki, Philipo, anayeitwa Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kosa, na Clement, fundi mwenyewe, anayeitwa Bando kwa kuwa simu yake ndiyo pekee yenye intaneti. Siku hiyo Damari alifika saa nane mchana, miguu mizito, akawaamkia, akabaki amesimama na karatasi mkononi.

Shida yake aliieleza kwa ufupi, maana alikuwa amechoka hata kueleza. Mama Eliana, mwenye nyumba ya wageni, alichapisha menyu kwa kunakili vyakula vya hoteli moja ya mjini, na kimojawapo kiliitwa skampi. Miezi mitano hakuna aliyekigusa. Jana mgeni mmoja akapiga simu akakiagiza, anafika kesho mchana. Kamba wa baharini kilo mbili wamekuja na basi kutoka Dar, ndani ya barafu, na Damari ndiye aliyekabidhiwa. Yuko kwenye majaribio ya kazi jikoni. Mgeni akiridhika, Damari anapata kazi na chumba. Asiporidhika, anarudi Mungaa kwa shangazi kupalilia mtama, kazi aliyoishika tangu alipotolewa shule akiwa kidato cha pili.

Bando akafuta mafuta mikononi, akatafuta. Video ya kwanza ilikuwa ya Uingereza: mikia ya kamba imeviringishwa kwenye chenga za mkate, ikakaangwa, pembeni chipsi.

— Imekwisha hiyo, akasema. Kaanga, weka chipsi, kalale.

Ya pili ilikuwa ya Marekani, kamba wa kawaida wameogelea kwenye siagi na kitunguu saumu, wakamwagwa juu ya tambi. Ya tatu ilikuwa ya Italia, na huko skampi hakikuwa chakula fulani hata kidogo. Lilikuwa jina la mdudu mwenyewe, mwenye mikono mirefu kama koleo, amechomwa mzima. Hapo bando likaisha, na ubishi ukaanza.

Wakili alishika Italia. Aliwahi kuwafyatulia matofali mapadri Waitaliano, na hakuwa tayari kuwageuka watu waliomlipa. Bando alibaki na Uingereza kwa sababu ndiyo iliyotokea kwanza. Redio akawaambia wote hawajui kitu. Mdudu ni yule yule, ila umri ndio unaotofautiana: akiwa mtoto, Waingereza humvisha mkate asishikwe na baridi, akipevuka, Wamarekani humpaka siagi, mikono humwota uzeeni, ndipo anaporudi kwao Italia kustaafu.

— Sasa hawa wa Mama Eliana hawana mikono, akasema Bando.

— Imeshukia Dodoma, akajibu Redio, akamimina kikombe kingine.

Wakili akatoa hukumu: wachomwe, wakaangwe, wapakwe siagi, walazwe juu ya tambi na chipsi, na kwa usalama wamwagiwe karanga kama mlenda, ili mgeni wa nchi yoyote akute cha kwao. Damari alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kuchota maji, na kule jikoni barafu ilikuwa inayeyuka.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri basi na tenga lake la kuku alikuja akaomba kikombe. Alipiga mafunda mawili, akageuka.

— Huyo mgeni ni mtu wa wapi?

Redio akamtazama Wakili, Wakili akamtazama Bando.

— Kwani hamkumuuliza?

Wakili akamweleza kwa upole, kama anayemfunda mtoto, kwamba mgeni haulizwi habari za chakula. Ukimuuliza, umemwambia hukutaka kupika. Hivyo ndivyo wote walivyolelewa, Damari pia. Lakini namba ya mgeni ilikuwa kwenye ile karatasi mkononi mwake.

— Kaka Clement, naomba simu yako.

— Umuulize mgeni? Mama Eliana atakufukuza leo leo.

— Hata mimi hawakuniuliza waliponitoa shule, akasema Damari. Waliona ni heshima. Naomba simu, kaka.

Bando akampa. Simu iliita mara tatu, na sauti ikasikika mpaka kwenye birika.

— Shikamoo, baba. Mimi ndiye nitakayekupikia kesho, Ihanja. Skampi yako unaipenda ya namna gani?

Upande wa pili mtu akacheka taratibu.

— Marahaba, mwanangu. Mimi mtu wa Kinyangiri tu, nanunua alizeti. Hilo jina nililiona kwenye menyu yenu, nikaona aibu kumuuliza mhudumu. Nikasema nikirudi nitaagiza, nijionee mwenyewe. Kwani ni nini hasa?

Damari aliwatazama watatu wale. Kila mmoja alikuwa ameinamia kikombe chake.

— Nitakuonyesha kesho, baba, akasema. Pilipili unakula?