Prisca Mbinya Karanja, Mama wa Gari la Mboga

14 Aprili 1968 – 11 Machi 2025

Prisca Mbinya, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Mwas, alizaliwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1968, huko Kithimani, Yatta. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mutiso na marehemu Mama Syombua. Siku hiyo nyumbani kwao mbuzi alikuwa amechinjwa kwa ajili ya sikukuu, na mkunga aliyeitwa alikataa kuanza kazi kabla hajaonja kipande chake. Mbinya alipenda kusimulia kwamba nyama ilianza kumchelewesha kabla hajafungua macho.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao kuanzia mwaka 1976, akarudia darasa la sita kwa sababu ya hesabu, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1983. Alipita. Aliingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari 1984, na huo ndio mwaka wa ukame ambao Wakamba wanaukumbuka hadi leo. Ng'ombe wa baba yake walikufa mmoja mmoja, na kufikia mwezi wa Agosti hapakuwa na kitu cha kuuza ili arudi shuleni. Hakurudi tena. Lile lilimuuma maisha yake yote, na ndiyo sababu watoto wake hawakuruhusiwa kukosa shule hata kwa homa.

Mwaka 1987 alikuja Thika kwa shangazi yake, Makongeni, akapata kazi katika kiwanda cha nguo. Alifanya kazi hiyo miaka saba, hadi wafanyakazi walipopunguzwa. Tarehe 6 Februari 1995 aliajiriwa kuwa mpishi nyumbani kwa Mama Bhagwanti, mjane aliyeishi hapo Thika na mwanawe Vikram. Katika nyumba hiyo hapakuingia nyama, samaki wala yai. Siku ya kwanza Mama Bhagwanti alimwonyesha rafu ya vyombo, akamwambia, "Mbinya, hizi sufuria hazijawahi kujua nyama. Na hazitajua." Mbinya alifikiri ni mambo ya mwezi mmoja. Alikaa miaka ishirini na moja. Alijifunza kupika ndengu za aina sita, minji na viazi, kabichi ya binzari, na maharagwe mekundu mazito ambayo mtu akionja alisahau kuuliza nyama iko wapi.

Lakini huko nyumbani kwake mambo yalikuwa tofauti, maana Mbinya alikuwa ameolewa na mwenye bucha. Alikutana na Karanja mwaka 1991, wakati Karanja alipokuwa akikata nyama katika bucha ya mtu mwingine hapo Makongeni. Kila Jumamosi Mbinya alienda kununua robo ya matumbo, na kila Jumamosi robo hiyo ilizidi kuwa nzito, hadi mwenye bucha akaanza kuuliza maswali. Desemba 1992 Karanja alipeleka Yatta mbuzi watatu wa ntheo, kama desturi ya Wakamba inavyotaka mtu anayeoa, na tarehe 21 Agosti 1993 wakafunga ndoa kanisani. Walijaliwa watoto wawili, Mwas na Nyakio. Baadaye walihamia Kimbo, Ruiru, ambako Karanja alifungua bucha yake mwenyewe mbele ya ploti, na nyuma wakajenga nyumba.

Mwaka 2016 Mama Bhagwanti alizeeka, familia ikaajiri mlezi wa kumtunza, na Mbinya akapumzishwa kwa heshima. Wengi walidhani sasa atakaa nyumbani. Yeye alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mkate. Mwas, ambaye ni fundi wa friji, alitoboa dirisha ubavuni, akafunga majiko mawili ya gesi na tangi la maji, akalipaka rangi ya kijani na kuandika JIKO LA MBOGA. Leseni ya kaunti na vyeti vya afya vilipokamilika, gari lilianza kazi Jumatatu, tarehe 6 Machi 2017.

Hapa lazima ukweli usemwe. Wifi yake mkubwa, Ngina, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alilipinga gari hilo kwa mdomo mpana. Alisema mke wa mwenye bucha kuuza kabichi ni sawa na kumwambia mume mbele ya watu kwamba nyama yake haifai. Mbinya alimsikiliza hadi mwisho, akamkabidhi sahani ya maharagwe, akasema, "Kula kwanza, wifi, halafu uendelee." Wifi hakuendelea. Na wale waliouliza kama yeye mwenyewe ameokoka na nyama aliwajibu, "Mimi sijaacha nyama. Nimeiacha nje ya gari yangu."

Biashara ilishika. Jumatatu hadi Jumatano gari lilikuwa Kahawa Wendani, ambako wanafunzi wa hosteli waligundua kwamba kwa Mama Mwas mtu anashiba na bado anabaki na kitu mfukoni. Alhamisi na Ijumaa lilikuwa Thika, likiwahudumia wafanyakazi wa viwandani na familia za Kihindi zilizomjua tangu kwa Mama Bhagwanti. Jumapili lilipika kwenye harusi na mikutano ya Waadventista, maana Jumamosi wao hawanunui na yeye hakutaka kuwajaribu. Wote hawa walimwamini kwa neno moja tu, kwamba ndani ya gari lile hakuna nyama. Neno hilo ndilo lililokuwa mtaji wake.

Na neno hilo karibu livunjike tarehe 24 Agosti 2019. Amrita, mjukuu wa Mama Bhagwanti, alikuwa anachumbiwa hapo Thika, na familia ilikuwa imemwita Mbinya apikie wageni mia mbili. Asubuhi aliacha sufuria mbili kubwa za maharagwe zikichemka nyumbani Kimbo, akamwomba Karanja aangalie moto wakati yeye anakimbia sokoni kutafuta dania. Karanja aliangalia moto. Akaangalia na maharagwe, akayaonea huruma. Wale mlio na bucha mnajua kwamba supu ya mifupa haikauki jikoni kutwa nzima. Karanja alichota jagi mbili, akatia jagi moja kila sufuria, akakoroga vizuri, akafunika. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka sherehe ya mke wake ifane.

Mbinya alifunua sufuria Thika, saa saba kasoro, wageni wakiwa wameshaketi. Aliona mafuta yakielea juu, akanusa, akampigia simu mumewe.

"Karanja, umetia nini kwa hii sufuria? Niambie ukweli, nimesimama na watu."

"Ni supu kidogo tu. Sasa hao wageni watakula maharagwe kavu aje? Si nilikuwa nakusaidia?"

Mbinya alikata simu. Nyakio, aliyekuwa naye siku hiyo, anasema mama yake alishika ukingo wa dirisha la gari. Nyakio alimnong'oneza, "Mathe, hakuna mtu atajua." Na kweli, hakuna ambaye angejua. Maharagwe yalinukia vizuri kuliko siku zote. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Mbinya alivua aproni, akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya kiti cha Mama Bhagwanti, akamwambia mbele ya Vikram na wakwe wageni kwamba maharagwe yameingia supu ya nyama, kwamba kosa limetoka nyumbani kwake, na kwamba hawezi kuwalisha.

Vikram alikasirika, na alikuwa na haki. Wakwe walianza kunong'onezana. Mama Bhagwanti alivua bangili zake, akaziweka mezani, akasema, "Leteni minji. Leteni viazi. Mbinya, simama, washa moto." Bibi wa miaka themanini na saba akaanza kumenya. Wanawake wote wa nyumba ile wakamfuata, hata Amrita mwenyewe na nguo yake ya dhahabu, akawa anaambua minji mapajani. Wageni walikula saa kumi jioni. Ile sufuria ya maharagwe na mwenzake zilipelekwa kwa mafundi wa ujenzi waliokuwa jirani, nao wakasema hawajawahi kula maharagwe kama yale. Sufuria zenyewe hazikurudi tena kwenye gari. Ziko kwa wifi yake Ngina, na ugali unaiva humo vizuri tu.

Jioni hiyo Mbinya alifika nyumbani, hakugomba. Alichukua ndoo ya chokaa, akachora mstari mweupe kwenye ua, hatua kumi kutoka mahali gari linapolala. Akamwambia mumewe, "Huku ni kwako, na huku ni kwa kazi yangu. Usivuke." Karanja hakuvuka. Aliipeleka chai hadi kwenye mstari, akaiweka chini, akarudi. Mvua ilipofuta chokaa, yeye mwenyewe ndiye aliyeenda dukani kununua nyingine. Walipendana kama zamani, walicheka, walilala nyumba moja, lakini jambo lile lilibaki kati yao, na Karanja alilibeba kwa uzito kuliko alivyokubali kuonyesha. Alimwambia dada yake siku moja, "Nilimharibia na mkono wangu. Sijui nitarudisha aje."

Novemba 2023 Mbinya alianza kupata shida kumeza. Januari 2024 madaktari waliona ni saratani ya umio. Alipata matibabu ya mionzi na dawa, akapata nafuu, akarudi kwenye gari miezi minne, kisha ugonjwa ukamrudia kwa nguvu. Ilikuwa uchungu kuona mtu aliyelisha watu wengi hivyo akishindwa na kijiko cha uji. Karanja alifunga bucha saa za mchana ili akae naye. Mwezi wa Februari mwaka huu alinunua sufuria mpya, akaiosha mara tatu, akapika ndengu, akazichuja hadi zikawa maji, akamletea kitandani. Mbinya alionja.

"Umetia nini?"

"Ndengu. Chumvi, dania, binzari. Na maji."

"Basi?"

"Basi. Hakuna kingine, mama."

Mbinya aliweka ulimi kwenye kijiko mara ya pili. Kisha akasema, "Kesho uvuke hiyo chokaa. Nyakio atahitaji mtu wa kumsaidia." Karanja alitoka nje akalia karibu na gari, na sisi tuliokuwa ndani tukajifanya hatusikii.

Prisca Mbinya alilala Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Kimbo, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, mume wake akiwa amemshika mkono.

Alikuwa ameandika katika daftari la Nyakio kwamba siku ya kumzika asichinjwe mnyama. Kamati ya mazishi haikupendezwa. Wazee waliuliza ni mazishi gani hayo bila ng'ombe, na watu watasema nini. Karanja alisimama akawaambia, "Mimi ndiye mwenye bucha. Nikisema hakuna nyama, hakuna nyama." Mkutano ukaendelea na mambo mengine.

Marehemu ameacha mume, Karanja, watoto, Mwas na Nyakio, wajukuu watatu, ndugu zake wa Kithimani, wifi yake Ngina, anayemwomba msamaha kwa maneno ya mwaka 2017, na Mama Bhagwanti, aliyekuja kutoka Thika akiwa na miaka tisini na mitatu, na ambaye ameketi hapo mbele.

Gari mnaliona pale chini ya mteremko. Funguo ziko kwa Nyakio, na Jumatatu litakuwa Kahawa Wendani kama kawaida. Maharagwe ya leo yamepikwa na Karanja, ndani ya gari, tangu alfajiri. Mama Bhagwanti ameomba jambo moja tu, kwamba sahani ya kwanza iwe yake, na apakuliwe na Karanja kwa mkono wake mwenyewe.

Pumzika, Mama Mwas. Sufuria ni safi. Mungu akuweke mahali pa amani.