Phelista Nabwile, Mzimu Aliyeuliza Kama Tumekula

Mama yetu, Phelista Nabwile, alizaliwa tarehe 9 Mei 1952 karibu na Lwakhakha, kifungua mimba katika nyumba ya watoto wengi. Alisoma hukohuko, kisha akasomea ualimu wa chekechea mjini Bungoma.

Mwaka wa 1975 aliolewa na Barasa Kizito, karani wa ghala la mahindi Kitale, naye Mungu akawajalia Nasambu na Festus. Nyuma ya nyumba yao alifungua chekechea. Hakuna mtoto aliyeshika kalamu pale kabla ya kunywa uji. Hata aliyeleta kuni aliulizwa kwanza, "Umekula?"

Mwaka wa 2014 watu wa televisheni walikuja Kitale kutengeneza kipindi cha watoto, Nani Yuko Darini, kuhusu watoto wanaosaka mzimu katika nyumba kuukuu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya familia ya jirani yetu Harnam, na Mama ndiye aliyewapikia wageni hao wa televisheni. Mwigizaji wa mzimu alipougua, Mama akavishwa shuka jeupe na kuambiwa atokee kwenye ngazi apige mayowe. Watoto wakaingia. Mama akasema kwa upole, "Karibuni. Mmekula?"

"Mama, wewe ni mzimu bana," mwelekezi akalalamika. "Mzimu haikaribishi watu."

"Si hii ni nyumba?" Mama akamjibu. "Watoto wanaingia kwa nyumba, nitawanyamazia aje?"

Wakarudia mpaka mwelekezi akanyoosha mikono, akakiacha kipande hicho hivyo.

Kumbe mayowe yangekuwa afadhali. Kipindi kilipoonyeshwa, ule upole ndio uliowatia watoto baridi. Jumatatu Mama alipowauliza wanafunzi wake kama wamekula, walitimua mbio hadi barabarani. Wazazi wakaanza kuwahamisha. Uji ukawa unamwagiwa kuku, na Mama, ambaye hatukuwahi kumwona akilia, alilia jikoni. Chekechea ile ndiyo iliyokuwa maisha yake, na ilikuwa inafungwa na neno lake mwenyewe.

Basi akaliomba lile shuka. Akajifunika mchana kweupe, akaketi uani mbele ya wale wachache waliobaki, akanywa uji. Ukammwagikia hadi kifuani. Mtoto mmoja akacheka, "Ati mzimu inajichafua!" Mwingine akataka kulivaa. Kabla ya muhula kwisha walikuwa wakigombania zamu ya kuwa mzimu, na sharti la mzimu lilikuwa kumaliza kikombe. Wenzao wakarudi mmoja mmoja.

Kisukari kilimsumbua kwa miaka mingi. Julai 2025 alilazwa Bungoma, akakataa chakula, na sisi wanawe tukashindwa kabisa. Ndipo akaja Jaspreet, mjukuu wa Harnam, aliyekuwa mmoja wa watoto wa kile kipindi. Akasimama mlangoni, akamwita nyanya kwa lugha yetu, akauliza kwa sauti ileile ya ngazini, "Kukhu, umekula?" Mama alicheka mpaka akakohoa, kisha akala vijiko kadhaa. Tunamshukuru Jaspreet kwa kicheko kile. Mama alituaga tarehe 17 Agosti, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Nasambu.

Ameacha watoto wake Nasambu na Festus, mkaza mwana Ciru, wajukuu, na watoto wa chekechea ambao leo wengine ni wazazi. Mumewe alimtangulia.

Aliagiza kwamba asiondoke mtu hapa kabla ya kuulizwa. Sufuria ziko nyuma ya hema, na wajukuu watawapitia.

Mama, tumekula. Pumzika sasa kwa amani.