Kaletwa na Mpita Njia

Ndani ya basi la kutoka Mtama kwenda Lindi, mama mmoja wa kiti cha mbele yangu alimpa mzee wa pembeni yake nakala ya ukurasa wa daftari kuukuu la kambi ya wakoma. "Shikamoo, babu. Huyu ni bibi yangu, mama yake baba. Wameandika hana ndugu, kaletwa na mpita njia. Mwaka wa tatu huu namtafuta huyo mpita njia, nikawashukuru wajukuu zake."

"Marahaba. Mwenye ndugu hakupokelewa pale, mwanangu. Baba yangu alimpeleka mama yake mwenyewe, akasema yeye mpita njia tu. Wapita njia wote hao walikuwa watoto wa wagonjwa wenyewe."

"Kwa hiyo baba yangu alimkana mama yake!"

"Alimtafutia dawa na chakula."

"Alimkana, babu. Na sisi akatuambia alikufa kwa homa."

Mzee akamrudishia nakala yake. Mimi nikajitia kutazama mikorosho, ingawa tulishaingia mjini.

Stendi, mzee alikwama kwenye ngazi za basi. Konda akauliza, "Mama, huyu mzee ni wako?"

"Hapana," alijibu, mkoba tayari begani. "Mimi mpita njia."